Faini ya Dereva Si Fidia Yako: Haki za Aliyepata Ajali ya Barabarani Tanga

Ukikaa na ndugu wanaouguza majeruhi pale Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, kuna kauli utaisikia mara kwa mara: "Kesi yenyewe imeshakwisha, dereva alilipa faini." Husemwa kama mtu anayefunga jambo. Mgonjwa ana vyuma mguuni, meza yake ya samaki Deep Sea ina wiki kadhaa haijaguswa, ada ya watoto inasubiri, lakini nyumba nzima imekubali kwamba serikali imemaliza kazi yake na hakuna tena pa kwenda.

Haki za watu wengi hupotelea hapo. Faini ile imeingia serikalini, haikuwa yako. Kulipwa kwake hakukupunguza hata shilingi moja ya kile ambacho dereva, mwenye gari na kampuni ya bima wanaweza kuwa wanadaiwa na wewe. Nimeona ndugu wengi wakiupoteza mguu na fidia kwa pamoja kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza jambo hili mapema, na ndiyo maana naliandika kwa kirefu.

Ajali moja ya barabarani huzaa mambo matatu, na kila moja lina njia yake.

Jambo la kwanza ni jinai. Hapa ni Jamhuri dhidi ya dereva, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Polisi wanapeleleza, mwendesha mashtaka anapeleka shauri mahakamani, hakimu anaamua kama dereva aliendesha kwa uzembe au kwa hatari. Adhabu inaweza kuwa faini, kifungo, au kuzuiwa kuendesha. Wewe uliyevunjika mguu, katika kesi hiyo, ni shahidi. Huna wakili humo, huamui lini iishe, na mara nyingi hata hupewi taarifa kwamba imesomwa.

Jambo la pili ni madai. Hapa ni wewe dhidi ya dereva na mwenye gari, na nyuma yao imesimama kampuni ya bima. Msingi wake ni uzembe uliokuletea hasara. Hakuna askari atakayekufungulia shauri hili. Usipolianzisha wewe, halipo.

Jambo la tatu linamhusu aliyeumia akiwa kazini: dereva wa lori la saruji kutoka Pongwe, utingo, konda wa basi, afisa mauzo aliyetumwa Korogwe na gari la ofisi. Huyu ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mfuko huu hauulizi nani alikosea. Unauliza kama uliumia kutokana na kazi na ukiwa katika kazi. Michango yake hutolewa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Lakini madai yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, kwa hiyo mwajiri anayekwambia "pona kwanza, mengine tutaongea" anaweza kuwa anakuonea huruma kweli na huku muda wako unayoyoma. Mwandikie barua ya taarifa mapema, hata kama ni mistari mitatu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Watu huyachanganya haya matatu kwa sababu yote huanzia mahali pamoja, kituo cha polisi. Kituo ndiko karatasi zinakotoka, si mahali fidia inakoamuliwa. Askari wa usalama barabarani hana mamlaka ya kukwambia mguu wako una thamani gani.

Pale barabarani

Barabara ya kutoka Tanga kwenda Segera, kisha ile inayopanda Korogwe na Mombo kuelekea Moshi, inabeba mabasi ya usiku, malori ya mizigo, Noah, bodaboda na baiskeli, vyote kwenye lami moja. Januari 2025, eneo la Segera wilayani Handeni, lori liliwaparamia watu waliokuwa wamekusanyika kwenye ajali iliyotokea muda mfupi kabla yake, na watu 11 wakafariki. Kwa hiyo la kwanza kabla ya sheria yoyote ni uhai: tokeni barabarani, wekeni alama mbali ya kuonya magari yanayokuja, hasa usiku.

Dereva aliyehusika anatakiwa na Sura ya 168 kusimama, kutoa jina na anwani yake, na kuripoti polisi. Kukimbia ni kosa lenyewe, mbali na ajali. Kwa dereva anayeona kundi la watu limeshika mawe, akienda moja kwa moja hadi kituo cha karibu na kujisalimisha huko, hilo ni tofauti na kutokomea.

Wewe au aliye karibu nawe, simu ikiwa na chaji, piga picha. Picha za maana ni zile zinazoonyesha magari yalipo kabla hayajasogezwa, alama za breki, kona, tuta, kibao cha mwendo, namba za usajili, na stika ya bima kama ipo kiooni. Miili ya waliofariki iacheni, haimsaidii mtu yeyote mahakamani na inaumiza familia zao. Chukua majina na namba za simu za watu wawili watatu walioona. Muuza madafu wa kando ya barabara ni shahidi mzuri kuliko abiria wa basi la Arusha ambaye kesho hutampata.

Kama ulikuwa abiria, tiketi yako iweke mahali salama. Ndiyo inayoonyesha kwamba ulikuwa ndani ya gari lile siku ile. Wa Noah au daladala asiye na tiketi atahitaji ushahidi wa abiria wenzake, na jina lake liwemo kwenye orodha ya majeruhi ya polisi. Hakikisha limo, na limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha NIDA. Herufi moja ikikosewa leo, baada ya mwaka mmoja utakuwa unaapa viapo kuthibitisha kwamba Mwanahamisi na Mwanamisi ni mtu mmoja.

Askari atapima na kuchora ramani ya ajali. Dereva ambaye unaona hukukosea, uwepo wakati wa kupima kama afya inaruhusu, na kama kipimo unakitilia shaka, liseme hilo kwenye maelezo yako. Maelezo hayo usiyasaini kabla hujasomewa. Una haki ya kurekebisha sentensi ambayo hukuisema. Eleza ulichokiona na ulichokifanya, basi. Habari ya nani mwenye kosa waachie wanaopima, kwa kuwa mtu aliyetoka kugongana hata dakika kumi hazijapita huwa hajui kilichotokea chote, na neno alilolitoa kwa mshtuko huandikwa vilevile.

PF3 na ndugu zake

Fomu namba tatu ya polisi, PF3, kila mtu Tanga ameisikia, wachache wameisoma. Sehemu ya juu hujazwa na polisi: jina lako, tarehe, aina ya tukio. Sehemu ya chini ni ya daktari, na hiyo ndiyo yenye uzito. Humo daktari anaandika aliona nini mwilini, jeraha liko wapi na ukubwa wake ni upi. Daktari akiandika "maumivu ya mguu" na picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umevunjika sehemu mbili, mahakama itaanza na karatasi inayosema maumivu ya mguu. Muombe kwa adabu aandike yote, pamoja na yale yaliyogundulika baadaye. Kabla fomu haijarudi polisi, itoe nakala mbili.

Matibabu yasisubiri fomu. Mgonjwa anayevuja damu apelekwe Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, na ndugu mwingine aende Chumbageni au kituo cha eneo la ajali kufuatilia PF3. Mgawane kazi.

Pamoja na PF3, zipo karatasi nyingine ambazo majeruhi huwa hajui kwamba zipo. Kuna namba ya RB, ambayo ndiyo anwani ya jambo lako kituoni. Kuna ramani ya ajali. Kuna ripoti ya mkaguzi wa magari, inayosema kama breki zilikuwa zinashika na tairi zilikuwa na hali gani. Na kuna taarifa ya mwisho ya polisi kwa ajili ya bima, ambayo wengi huiita kwa namba yake, PF 90. Kampuni ya bima itaziomba zote. Zifuatilie wakati mpelelezi bado yupo kituoni hapo, kwani akihamishiwa Lushoto au Kilindi, utamtafuta kwa muda mrefu.

Halafu kuna karatasi ya mahakamani. Dereva akipatikana na hatia, au akikiri kosa ili alipe faini na aendelee na safari zake, omba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri iliyothibitishwa. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema kwamba hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, yaani muda wa rufaa umepita au rufaa imeamuliwa, inachukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Ile faini ambayo familia ilidhani imefunga mlango, kumbe ndiyo imeufungua: sehemu ngumu ya kesi ya madai, kuthibitisha nani alikosea, imeshafanywa na mtu mwingine. Madereva nao walijue hili. Kukiri kosa ambalo hukulifanya ili uondoke mapema mahakamani kunaweza kukurudia kwenye kesi ya mamilioni.

Na kama polisi hawakumshtaki dereva kabisa? Bado unaweza kudai. Kesi ya jinai inahitaji uthibitisho usioacha shaka ya maana. Kesi ya madai inaangalia upande gani maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Na hata kama wewe mwenyewe ulichangia, kwa mfano ulikuwa na baiskeli isiyo na taa usiku njia ya Pongwe, mahakama inaweza kupunguza fidia kwa kiasi cha mchango wako katika kosa. Kupunguziwa si kunyimwa.

"Tuyamalize hapa hapa"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu sisi watu wa pwani ndipo tunapoumia kuliko popote.

Siku ya pili au ya tatu baada ya ajali, mtu anakuja hospitalini. Anaweza kuwa mwenye gari, au mzee fulani aliyetumwa naye. Amebeba matunda. Anatoa pole, anakaa kitandani, anauliza hali kwa utulivu. Anasema ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na hakuna anayebisha. Kisha anatoa shilingi laki tatu "za dawa", na mfukoni ana karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu: Mimi fulani wa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, nimepokea shilingi 300,000 kutoka kwa fulani kwa ajili ya ajali ya tarehe fulani, tumekubaliana kwa hiari na sina madai mengine yoyote. Chini yake kuna nafasi ya sahihi au dole gumba, na nafasi ya mashahidi wawili. Mashahidi ni ndugu zako mwenyewe waliokuja kukuona.

Huenda yule mtu ana nia njema. Wengi wanayo. Lakini karatasi ile ni mkataba. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano yaliyofanywa kwa hiari na watu wenye akili timamu yanawafunga. Ukitaka kuyavunja itabidi uthibitishe kwamba ulilazimishwa, ulidanganywa, au ulishinikizwa kwa namna isiyo halali, na kuthibitisha hivyo ni kazi ngumu kwa mtu ambaye shangazi yake alisaini kama shahidi. Wakati huo huo daktari hajasema bado kama mguu utaunga au utahitaji upasuaji wa pili.

Kupokea msaada si kosa. Kukataa laki tatu za dawa huku mgonjwa hana dawa kungekuwa ukatili. Pokea, shukuru, na andika karatasi yako mwenyewe: Nimepokea shilingi 300,000 kama mchango wa matibabu ya awali kutokana na ajali ya tarehe fulani. Malipo haya hayafuti madai yangu mengine yanayotokana na ajali hiyo. Mtu mwenye nia njema ataisaini bila shida. Asiyetaka kuisaini, umeshamjua.

Msibani jambo hili huwa zito zaidi. Mwenye gari analeta sanda, anagharamia jeneza au usafiri, anatoa ubani. Wazee wanapokea kwa niaba ya familia, ndivyo heshima ilivyo, na ni jambo jema. Lakini ubani si fidia, wala wazee wanaoupokea hawana mamlaka kisheria ya kufuta haki ya mjane na watoto wa marehemu. Haki ile si yao. Msikubali karatasi yoyote ya "hatuna madai" ipite kwenye jamvi la msiba. Mtu yeyote mwenye haja ya kumalizana anaweza kusubiri arobaini ipite na msimamizi wa mirathi ateuliwe.

Kumalizana nje ya mahakama nako si kubaya. Mara nyingi ni afadhali kuliko miaka mahakamani. Sharti lake ni kwamba kufanyike wakati hali ya mwili imejulikana, daktari ameandika kiwango cha ulemavu kama upo, gharama zimejumlishwa, na mtu anayejua sheria amekusomea. Hivyo hivyo kwa hati ambayo kampuni ya bima itakuletea usaini kabla ya kukulipa, inayosema malipo hayo ni ya mwisho. Ukishaisaini, umemaliza. Kama bado una upasuaji mbele yako, isome mara mbili, na ya tatu umpe mtu mwingine aisome.

Bima ndogo inamlinda nani

Wenye magari wengi wanakata bima ndogo kwa ajili ya kukwepa trafiki, na hawajui imeandikwa kwa ajili ya nani. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha vyombo vya moto vinavyotembea barabarani viwe na bima ya kulipia kifo au majeraha ya watu wengine. Bima ile ni ya mwenda kwa miguu, ya mpanda baiskeli, ya abiria wa basi. Ni yako wewe uliyegongwa. Gari la mwenyewe aliyekosea halitengenezwi na bima ndogo. Hilo ndilo linalohitaji bima kubwa.

Uhakiki wa bima ni rahisi siku hizi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni ambapo ukiingiza namba ya gari unaona kama lina bima hai na ni ya kampuni gani. Fanya hivyo mapema, na hifadhi picha ya majibu. Utajua pia kama ile stika kiooni ilikuwa ya kweli.

Kawaida unayemshtaki ni dereva na mwenye gari. Mahakama ikishakupa ushindi, kampuni ya bima inawajibika kulipa hukumu ile kwa majeraha au kifo ambacho bima ilitakiwa kukigharamia. Sharti ni kwamba kampuni iwe imepewa taarifa ya kesi. Watu hushinda kesi dhidi ya dereva asiye na kitu, kisha kampuni inasema haikujulishwa. Iandikie barua kabla hujafungua shauri, peleka kwa mkono, nakala igongwe muhuri.

Utaambiwa pia kwamba bima haitalipa kwa sababu gari lilizidisha abiria, au lilibeba mzigo kupita uzito, au lilikuwa bovu. Usirudi nyumbani na jibu hilo. Sura ya 169 inazuia baadhi ya masharti ya namna hiyo kutumika kama kinga dhidi ya mtu wa tatu aliyeumia. Kampuni inaweza baadaye kumdai mteja wake, lakini huo ni ugomvi wao. Kama kampuni inakuzungusha, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa mahsusi kwa malalamiko dhidi ya kampuni za bima, na TIRA yenyewe hupokea malalamiko.

Mwenye bima kubwa aliyegongwa au kugonga, toa taarifa kwa kampuni yako mara moja. Usipeleke gari kwa fundi kabla mthamini wa hasara hajaliona, na usimwahidi mtu malipo kwa niaba ya kampuni. Vyote viwili vinaweza kukukosesha.

Kuna pikipiki. Bodaboda nyingi zinazozunguka Makorora na Mikanjuni si za anayeendesha. Ni za bosi, kijana analeta hesabu kila jioni, au yuko kwenye mkataba mpaka chombo kiwe chake. Mwenye chombo anaweza kuwajibika kwa makosa ya mtu anayemfanyia kazi, kwa hiyo jina lililo kwenye kadi ni la muhimu kulijua. Bosi anayesema "nilishaiuza" wakati kadi bado inasoma jina lake ana maswali ya kujibu. Na wewe uliyeuza gari au pikipiki bila kubadilisha umiliki TRA, nenda kabadilishe wiki hii.

Risiti, daftari na muda

Mahakama zetu zinagawa fidia katika mafungu mawili makubwa. Kuna hasara mahsusi, zile zinazohesabika: dawa, upasuaji, nauli za kwenda kliniki, magongo, mshahara uliopotea, baiskeli iliyosagika. Hizi lazima utaje kiasi kwenye hati ya madai na uthibitishe kimoja kimoja. Bila risiti, fungu hili huanguka hata kama hakimu anakuonea huruma. Kisha kuna fidia ya jumla, kwa maumivu, ulemavu, maisha yaliyobadilika, na hii hakimu huikadiria kwa busara yake.

Tafuta bahasha moja kubwa, weka kila karatasi humo kuanzia siku ya kwanza. Nauli ya bajaji haina risiti, kwa hiyo andika kwenye daftari tarehe na kiasi. Na mtu ambaye hana hati ya mshahara asidhani hana kipato cha kuthibitisha. Mama anayenunua machungwa Muheza na kuyapeleka Kange stendi anaweza kuonyesha miamala ya simu yake, daftari la wadeni, risiti za ushuru wa soko, na wenzake wa sokoni wakaja kutoa ushahidi. Ni kazi, lakini inawezekana.

Kuhusu muda: madai ya fidia yatokanayo na uzembe yana ukomo wa miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Miaka mitatu inasikika kama mingi mpaka utoe mwaka mmoja wa kuugua, mwaka mmoja wa kuahidiwa na mwenye gari, na miezi ya kutafuta jalada. Ahadi za mdomo hazisimamishi saa. Mtoto chini ya miaka 18 sheria humpa nafueni, muda wake hauanzi kuhesabiwa mpaka afikie umri huo, ila ushahidi haumsubiri. Mtu mzima amfungulie shauri kwa niaba yake sasa.

Gari likiwa la serikali, wakala wake au halmashauri, kuna hatua ya ziada. Unatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, ikieleza msingi wa madai, na nakala ziende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Kesi yenyewe husikilizwa Mahakama Kuu, na Tanga tunayo kanda yake. Ukikosea hatua hii, shauri lako linaondolewa kabla halijasikilizwa, hata kama dereva alikiri.

Na gari likiwa na namba za Kenya, jambo la kawaida kwa mkoa wenye mpaka wa Horohoro, ulizia Kadi ya Njano ya COMESA. Ni bima inayovuka mipaka, na Tanzania inashiriki katika mpango huo. Piga picha ya kadi hiyo kabla gari halijaachiwa, kwani gari likivuka kwenda Lungalunga utabaki na namba tu.

Aliyefariki

Fidia ya kifo inasimamiwa na sheria yake, Sura ya 310, na wanaolengwa ni mke au mume, watoto na wazazi wa marehemu, kwa kadiri walivyomtegemea. Kwa kawaida madai hufunguliwa na msimamizi wa mirathi. Kwa familia nyingi hapa, njia ni hii: cheti cha kifo kutoka RITA, kikao cha familia chenye muhtasari uliosainiwa, kisha maombi Mahakama ya Mwanzo, na mwishoni msimamizi anapewa hati ya uteuzi, Fomu Namba Nne. Kampuni ya bima haitazungumza na mtu asiye nayo.

Kinachozusha ugomvi ni mgao. Fidia ya wategemezi si sawa na nyumba au mashamba aliyoacha marehemu. Mahakama hutazama nani alikuwa akitunzwa na marehemu na kwa kiasi gani, kwa hiyo mtoto wa darasa la pili anaweza kupata zaidi kuliko kaka yake mwenye ajira. Msimamizi anayeichanganya pesa hii na mirathi mingine, au kuigawa kwa waliokaa naye kikaoni, anawadhulumu yatima. Wake wote wa ndoa na watoto wote wa marehemu watajwe kwenye madai tangu mwanzo, hata wale ambao upande mwingine wa familia haupendi kuwataja.

Wa kukusindikiza

Wakili si lazima kwa kila hatua. Barua ya taarifa kwa bima, ufuatiliaji wa PF3, maombi ya mirathi Mahakama ya Mwanzo, haya mtu anayesoma na kuandika anayaweza. Anahitajika pale majeraha ni makubwa, kuna kifo, gari ni la serikali, au bima imekataa. Asiye na uwezo ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nyuma yake. Wasaidizi wa kisheria wamesajiliwa wilayani, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwao.

Jihadhari na vishoka. Hawa huwa na habari ya ajali kabla ya ndugu wa mgonjwa, huja wodini wakijiita mawakili au watu wa bima, wanaomba PF3 halisi na sahihi kwenye karatasi isiyojazwa. Wengine hulipwa na bima, wewe ukapewa kidogo na usijue kilicholipwa ni kiasi gani. Muulize jina lake kamili na namba yake ya uwakili, kisha hakiki Mahakama Kuu Tanga au kwa Chama cha Mawakili Tanganyika kama yupo kwenye orodha. Karatasi halisi zibaki nyumbani kwako, yeye mpe nakala.